Je, Wajua? Namba Ndogo ya Besi Dhaifu

Kila besi dhaifu ina namba yake. Wanakemia huiandika Kb na kuiita namba thabiti ya mtengano: kipimo cha jinsi besi hiyo inavyozaa ioni ikiwa ndani ya maji. Wengi wetu tulikutana nayo shuleni, tukaikokotoa kwenye mtihani, tukaachana nayo. Ni hasara, kwa sababu mwenye namba hiyo, akijua na pH ya mahali, anaweza kueleza kwa hesabu ya mistari miwili kwa nini ndimu huondoa shombo, kwa nini sindano ya ganzi hushindwa kwenye jino lenye usaha, na kwa nini samaki wa Ziwa Magadi hawaishi kama samaki wengine. Tuanze.

NAMBA YENYEWE

Je, wajua kwamba amonia ikiingia majini, karibu yote hubaki amonia? Chukua mmumunyo wenye moli 0.1 za amonia kwa lita, kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Katika kila molekuli 1,000, ni kama 13 tu zinazoyanyang'anya maji protoni na kuwa ioni za amoniamu:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Zile 987 hubaki kama zilivyoingia. Hiyo ndiyo maana ya besi dhaifu. Sodiamu hidroksidi, ambayo ni besi kali, hutengana yote.

Je, wajua kwamba Kb ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu? Zidisha ukolezi wa ioni mbili zilizozaliwa, kisha gawanya kwa ukolezi wa amonia iliyobaki:

Kb = [NH₄⁺] × [OH⁻] ÷ [NH₃]

Kwa amonia jibu ni 1.8 × 10⁻⁵. Ongeza amonia, ipunguze, au tia chumvi ya amoniamu: kila ukolezi utapanda au kushuka, lakini katika mimumunyo hafifu hesabu hiyo itarudi palepale maadamu joto halijabadilika.

Je, wajua kwamba maji yamo kwenye mlinganyo lakini hayamo kwenye hesabu? Lita moja ya maji ina takriban moli 55.5 za molekuli za maji. Amonia inapochukua protoni kutoka sehemu ndogo mno ya hizo, idadi hiyo haitikisiki. Kwa hiyo huhesabiwa kuwa haibadiliki, ikamezwa ndani ya Kb.

Je, wajua kwamba udhaifu wa besi si upole? Chupa ya maabara ya amonia ya asilimia 25 ina takriban moli 13 kwa lita, na mvuke wake huunguza macho na koo. Ukolezi ni wingi wa kitu ndani ya maji. Nguvu ya besi ni tabia ya kitu chenyewe. Besi dhaifu inaweza kukolea sana, na besi kali inaweza kuzimuliwa hadi isidhuru ngozi. Anayechanganya mambo haya mawili anaweza kujiumiza.

Je, wajua kwamba chupa nyingi za amonia zimeandikwa NH₄OH, amoniamu hidroksidi, ilhali humo ndani sehemu kubwa ni NH₃ iliyoyeyuka katika maji? Maandishi hayo yamewafanya wanafunzi wengi waamini kwamba besi lazima iwe na OH ndani yake. Amonia haina. OH⁻ inayopatikana inatoka kwenye maji yaliyoporwa protoni.

Je, wajua kwamba ukiizimua amonia, sehemu yake inayotengana huongezeka? Kwenye moli 0.1 kwa lita ni asilimia 1.3. Izimue mara 100 hadi moli 0.001 kwa lita, na sehemu hiyo hufika asilimia 12.5. Hata hivyo pH hushuka, kutoka takriban 11.1 hadi 10.1, kwa kuwa ioni zote kwa jumla zimepungua. Kb yenyewe haijasogea.

Je, wajua kwamba namba hizi ndogo huandikwa pia kwa logi ili zisomeke kwa urahisi? pKb ni logi ya Kb iliyogeuzwa alama. Ya amonia ni 4.75. Angalia mwelekeo: pKb ikiwa kubwa, besi ni dhaifu zaidi. Na kila hatua moja ya pKb ni tofauti ya mara 10 katika nguvu, si tofauti ya moja.

NJIA ZA KUIPATA

Je, wajua kwamba pH na ukolezi vinatosha kukupa Kb? Tuseme umetengeneza amonia ya moli 0.10 kwa lita, na kipimo kikaonyesha pH 11.12 kwenye nyuzi 25. Toa kutoka 14: unapata pOH, yaani logi ya ukolezi wa OH⁻ iliyogeuzwa alama, ambayo ni 2.88. Ukolezi wa OH⁻ basi ni 1.32 × 10⁻³. Ukolezi wa NH₄⁺ ni huohuo, kwa kuwa ioni hizo zimezaliwa pamoja, moja kwa moja. Amonia iliyobaki ni 0.10 toa 0.0013, yaani 0.0987. Sasa (1.32 × 10⁻³)² ÷ 0.0987 ni takriban 1.8 × 10⁻⁵. Umeipata.

Je, wajua kwamba kuna njia ya mkato, na kwamba ina mpaka wake? Kama sehemu iliyotengana ni ndogo kuliko asilimia 5, vitabu vingi hukuruhusu kuichukulia amonia iliyobaki kuwa sawa na ile ya mwanzo. Ukijua Kb na kutafuta OH⁻, unachukua kipeuo cha pili cha Kb mara ukolezi, basi. Kwa moli 0.1 kwa lita mkato huo ni salama. Kwa moli 0.001 hukupa OH⁻ iliyozidi ukweli kwa asilimia 7 hivi, na hapo huna budi kurudi kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili.

Je, wajua kwamba ipo njia isiyohitaji hata kuujua ukolezi wa besi? Ni taitresheni. Pima sentimita za ujazo 25 za amonia kwa pipeti, uziweke kwenye flaski, kisha udondoshee asidi hidrokloriki kutoka kwenye bureti huku ukiandika pH. Tuseme amonia imeisha baada ya sentimita 25 za asidi. Rudi kwenye daftari lako uangalie pH ilikuwa ngapi kwenye sentimita 12.5. Hapo nusu ya amonia ilikuwa imegeuka amoniamu, NH₃ na NH₄⁺ zikawa sawa, na kwenye mlinganyo zikafutana. Kinachobaki ni Kb = [OH⁻]. Utasoma pH 9.25, toa kutoka 14, na 4.75 unayoiona ndiyo pKb. Kwangu mimi hii ndiyo njia ya kumfundishia kijana, maana anaiona namba ikijitokeza kwenye vipimo vyake mwenyewe.

Je, wajua kwamba eneo hilo la nusu lina faida nyingine? Ndipo pH inapobadilika polepole zaidi. Ukikosea tone moja au mawili, jibu lako haliharibiki. Karibu na mwisho wa taitresheni mambo ni kinyume: tone moja linaweza kuiangusha pH kwa kiasi kikubwa.

Je, wajua kwamba amonia ikimalizwa na asidi hidrokloriki, mmumunyo unaobaki hauko kwenye pH 7? Uko kwenye 5.3 hivi, kwa kuwa amoniamu iliyobaki ni asidi dhaifu. Ndiyo maana methili ya njano-chungwa au methili nyekundu hufaa kuwa kiashiria hapa. Fenoftalini, inayopoteza rangi kati ya pH 10 na 8.3, humdanganya mpimaji: hufifia kabla kazi haijaisha.

Je, wajua kwamba besi na asidi yake mwenza hufungana kwa namba moja? Zidisha Kb ya amonia kwa Ka ya amoniamu, yaani namba thabiti ya mtengano wake kama asidi, unapata Kw ya maji, ambayo kwenye nyuzi 25 ni 1.0 × 10⁻¹⁴. Kwa logi, pKa na pKb hujumlishwa kuwa 14. Kwa hiyo jedwali likikupa pKa ya 9.25 kwa amoniamu, tayari limekupa pKb ya amonia. Vitabu vya dawa hutumia karibu pKa peke yake, hata kwa besi. Msomaji asiyejua hilo hudhani anasoma habari za asidi.

Je, wajua kwamba umeme unaweza kuzihesabu ioni? Mmumunyo wenye ioni nyingi hupitisha umeme vizuri zaidi. Ukilinganisha upitishaji ulioupima na ule ambao ungekuwapo kama besi yote ingetengana, unapata sehemu iliyotengana. Tuseme ni 0.0134 kwenye ukolezi wa 0.1. Kb ni 0.1 × 0.0134² ÷ 0.9866, na jibu ni 1.8 × 10⁻⁵ tena. Njia tofauti kabisa, namba ileile. Hicho ndicho kinachotufanya tuiamini.

Je, wajua kwamba kosa dogo la pH ni kosa kubwa la Kb? Katika njia ya pH na ukolezi, OH⁻ hupigwa kipeo cha pili. Kipimo kikikosea kwa 0.1 tu, Kb inapotoka kwa asilimia 58 ikiwa kosa ni la kuzidisha. Karatasi ya rangi ikikosea kwa 0.5, jibu linaweza kuzidi au kupungua mara 10. Kusawazisha kipimo kwa bafa, yaani mmumunyo wenye pH inayojulikana, kabla ya kuanza ni sehemu ya hesabu yenyewe.

Je, wajua kwamba ile 14 tunayoikariri ni ya nyuzi 25 tu? Kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la maabara isiyo na kiyoyozi Mombasa au Dar es Salaam, pH na pOH hujumlishwa kuwa 13.83. Anayetumia 14 kwenye joto hilo hupata Kb iliyo chini ya nusu ya ile halisi. Andika joto kwenye daftari kila mara. Mwalimu anayelidai anamtendea haki mwanafunzi.

Je, wajua kwamba bika iliyoachwa wazi hubadilisha jibu? Amonia hupaa hewani, na kaboni dioksidi ya hewani huingia. Yote mawili hushusha pH. Pima mapema, na funika.

WALIOTUFIKISHA HAPA

Je, wajua kwamba wazo la mtengano lilikaribia kukataliwa? Mwaka 1884, Svante Arrhenius aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kuhusu umeme katika mimumunyo. Watahini walimpa alama ya chini. Mwaka 1903 alipokea Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa nadharia iliyochipuka kutoka kazi hiyohiyo.

Je, wajua kwamba Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, alisafiri hadi Uppsala mwaka huohuo wa 1884 kukutana na kijana huyo? Mwaka 1888, akiwa Leipzig, Ostwald alitoa kanuni ya uzimuaji, ile hesabu ya umeme tuliyoifanya hapo juu. Nobel yake ilikuja mwaka 1909. Mwanafunzi wake Georg Bredig alichapisha mwaka 1894 vipimo vya nguvu za besi nyingi, vilivyopatikana kwa njia hiyo ya umeme.

Je, wajua kwamba kipimo cha pH kilizaliwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia? Søren Sørensen alikipendekeza mwaka 1909 katika Maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alipokuwa akichunguza vimeng'enya. Kabla yake, watu waliandika sifuri nyingi.

Je, wajua kwamba mwaka 1923 watu wawili katika nchi mbili walifikia wazo moja, kila mmoja kivyake? Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza walisema besi ni kitu kinachopokea protoni. Hapo ndipo amonia, isiyo na OH, ilipopata nafasi yake halali miongoni mwa besi.

Je, wajua kwamba mashine ya kielektroniki ya kusoma pH ilichochewa na malimao? Mwaka 1934, Arnold Beckman alimtengenezea mwanakemia wa sekta ya malimao na machungwa California kifaa cha kupimia ukali wa juisi. Kifaa hicho kikaingia maabara za dunia nzima.

NANI ANA NGUVU KULIKO NANI

Je, wajua kwamba kubadilisha sehemu moja ya molekuli kunaweza kuzidisha nguvu ya besi mara nyingi? Ondoa hidrojeni moja ya amonia, weka kundi la methili, unapata methilamini. Kb yake ni 4.4 × 10⁻⁴, karibu mara 25 ya amonia. Kundi la methili husukuma elektroni kuelekea kwenye nitrojeni, nayo hushika protoni kwa urahisi zaidi.

Je, wajua kwamba kuongeza methili tatu hakuzidishi nguvu mara tatu? Trimethilamini ina Kb ya takriban 6 × 10⁻⁵, ndogo kuliko ya methilamini. Ioni yake imezingirwa na methili kiasi kwamba maji hayaifikii vizuri kuituliza.

Je, wajua kwamba anilini ni dhaifu kuliko amonia kwa zaidi ya mara 40,000? Kb yake ni takriban 4 × 10⁻¹⁰. Elektroni za nitrojeni yake zimevutwa kwenye pete ya benzini, na kidogo ndicho kinachobaki cha kushikia protoni. Ni anilini hiyo ambayo William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, aliifanyia majaribio London mwaka 1856 akitafuta kwinini, akapata badala yake rangi ya zambarau iliyoanzisha viwanda vya rangi za kemikali.

Je, wajua kwamba magadi ya jikoni ni besi dhaifu pia, na ina nguvu kuliko amonia? Magadi ghafi huwa na kabonati na bikabonati ya sodiamu. Kb ya kabonati ni 2.1 × 10⁻⁴, zaidi ya mara 10 ya amonia. Ya bikabonati ni 2 × 10⁻⁸ hivi. OH⁻ inayozalishwa hulegeza kuta za maharagwe na makande, nayo huiva upesi. Lakini huharibu vitamini B1 pia, kwa hiyo kiasi ni muhimu.

JIKONI, HOSPITALINI, SHAMBANI NA ZIWANI

Je, wajua kanuni moja inayobeba yote yanayofuata? pH ya mahali ikilingana na pKa ya besi, nusu ya besi ina protoni na nusu haina. Kila pH inaposhuka kwa 1, uwiano huo huelemea upande wa protoni mara 10. Besi isiyo na protoni hupaa hewani na kupenya tando za seli. Ikishika protoni hupata chaji, ikabaki majini. Shika hayo mawili.

Je, wajua kwamba ndimu haifuniki shombo bali huligeuza? Sehemu kubwa ya harufu ya samaki wa baharini waliokaa ni trimethilamini, inayotengenezwa na bakteria, na pKa yake ni 9.8. Kwenye juisi ya ndimu, pH ikiwa 3 au chini zaidi, sehemu isiyo na protoni haifiki moja katika milioni. Nyingine yote imekuwa chumvi isiyopaa, na ukisuuza inaondoka na maji. Mpishi wa pwani anayepaka samaki ndimu anaisogeza besi dhaifu upande wa pili wa mlinganyo. Hata hivyo ndimu haimfanyi samaki aliyeoza awe salama.

Je, wajua kwa nini magadi hutiwa kwenye ugoro? Nikotini ni besi dhaifu yenye pKa ya 8. Kwenye pH 6, ni asilimia 1 tu ya nikotini iliyo huru kupenya utando wa pua au mdomo. Magadi yakipandisha pH hadi 9, asilimia 91 iko huru. Tumbaku ni ileile. Kilichoongezeka ni kasi ya nikotini kuingia mwilini, na pamoja nayo kasi ya mtu kuzoea asiweze kuacha. Kijana anayeambiwa ugoro ni kitu kidogo anastahili kuonyeshwa hesabu hii.

Je, wajua kwa nini jino lenye usaha hukataa ganzi? Lidokeini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, ina pKa ya 7.9. Kwenye tishu yenye afya, pH 7.4, asilimia 24 yake haina protoni na inaweza kupenya utando wa mshipa wa fahamu. Uvimbe wenye usaha hushusha pH. Ikifika 6.9, sehemu hiyo huanguka hadi asilimia 9. Hii ni sababu mojawapo ya daktari wa meno kudunga ganzi mbali na jipu, au kutibu maambukizi kwanza. Mgonjwa anayesema bado anasikia maumivu hadeki. Asikilizwe.

Je, wajua kwamba dawa nyingi ambazo ni besi dhaifu huuzwa zikiwa chumvi? Soma pakiti: lidokeini hidrokloridi, klorokwini fosfeti, kwinini salfeti. Besi yenyewe mara nyingi haiyeyuki vizuri majini. Ikipewa protoni inayeyuka. Pelletier na Caventou waliitenga kwinini kutoka magome ya mti Paris mwaka 1820. Huko Bukavu, mashariki mwa Congo, mashamba ya mti huohuo yamelisha kiwanda cha kwinini.

Je, wajua kwamba klorokwini ilivikamata vimelea vya malaria kwa kanuni hiihii? Dawa hiyo ina sehemu mbili za kupokea protoni. Ikiwa haina chaji hupenya hadi kwenye kifuko cha chakula cha kimelea, ambacho ni cha asidi, pH 5 hivi. Humo hushika protoni mbili na haiwezi kutoka kirahisi. Kwa hesabu, tofauti ya pH ya 2 inaweza kurundika besi ya namna hiyo mara 100 × 100, yaani 10,000. Vimelea sugu vilijibu kwa badiliko katika protini iitwayo PfCRT, inayoitoa dawa nje ya kifuko. Malawi iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza mwaka 1993, Kenya 1998, Tanzania 2001.

Je, wajua kwamba amonia ileile bwawani inaweza kuwa salama asubuhi na kuua alasiri? Inayowadhuru zaidi samaki ni NH₃. NH₄⁺ ni nafuu. Kwenye pH 7, NH₃ ni asilimia 0.6 tu ya jumla. Kwenye pH 8 ni asilimia 5. Kwenye pH 9 ni asilimia 36. Mwani hutumia kaboni dioksidi mchana kutwa, na pH ya bwawa hupanda hadi alasiri. Mfugaji wa perege anayepima amonia bila kupima pH ana nusu ya habari. Na apime alasiri, si alfajiri peke yake.

Je, wajua kwamba kuna samaki waliopata jibu la tatizo hilo? Katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, wanaishi samaki wadogo wa jamii ya perege, Alcolapia grahami, kwenye maji ya pH 10 hivi na joto linaloweza kupita nyuzi 40. Samaki wengi hutoa taka za nitrojeni kama amonia kupitia matamvua, kwa msaada wa protoni za nje zinazoinasa. Kwenye pH 10, asilimia 85 ya amonia ingebaki NH₃, tayari kurudi ndani ya damu. Watafiti walieleza mwaka 1989 kwamba samaki hawa hutoa taka hizo kama urea, jinsi tufanyavyo sisi binadamu. Ni viumbe adimu mno, na maji wanamoishi yanastahili ulinzi.

Je, wajua kwamba mkulima anayemwaga urea juu ya udongo anaweza kuwa anailisha hewa? Kimeng'enya cha udongoni huivunja urea kuwa amonia na kupandisha pH kandokando ya punje. pH ikikaribia 9, NH₃ huongezeka na kupaa. Ifukie punje sentimita chache, au iweke mvua inapokaribia, na udongo uliozunguka utaigeuza amoniamu na kuishika. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 150 za amonia kila mwaka, sehemu kubwa kwa ajili ya mbolea. Kila konzi inayopotea ni fedha ya mkulima.

ZAMU YAKO

Mmumunyo wa methilamini wenye moli 0.10 kwa lita una pH 11.81 kwenye nyuzi 25. Tafuta Kb, na useme kama njia ya mkato inaruhusiwa.

Jibu: pOH ni 2.19, hivyo OH⁻ ni 6.46 × 10⁻³. Hiyo ni asilimia 6.5 ya mwanzo, imevuka mpaka wa asilimia 5, kwa hiyo mkato haufai. Methilamini iliyobaki ni 0.0935. Kb = (6.46 × 10⁻³)² ÷ 0.0935 = 4.5 × 10⁻⁴. Aliyekata njia amepata 4.2 × 10⁻⁴. Kama majibu yako ni hayo, chukua sasa pKa ya dawa yoyote iliyo besi, na pH ya damu, 7.4, ukokotoe ni sehemu gani ya dawa hiyo isiyo na protoni. Hesabu ni ileile.